Mjukuu wa Mchoraji Katika Miamba ya Kolo

Mwaka 1951 Mary Leakey alipiga kambi katika vilima vya Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, akakaa miezi mitatu akinakili michoro ya watu ambao hakuna aliyewajua kwa majina. Watanzania wengi wanamfahamu mama huyu kwa mambo mengine: fuvu la Olduvai alilolifukua mwaka 1959, na nyayo za Laetoli ambazo kikosi chake kilianza kuzifunua mwaka 1978. Kazi ya Kondoa hutajwa kwa sentensi moja, kisha simulizi hurudi kwenye mifupa. Mimi naamini kazi hiyo ina uzito zaidi ya inavyosimuliwa, na uzito huo unaanzia nyumbani kwao Mary. Baba yake alikuwa mchoraji wa mandhari. Babu yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa vyuo vya kifalme, mwenye mafunzo, cheo na wanunuzi. Ukitaka kuelewa jinsi michoro ya uwanda wetu wa kati ilivyopata kitabu chake kikubwa, huna budi kupitia kwanza katika madarasa ya wachoraji wa Ulaya.

Erskine Nicol alizaliwa mwaka 1825 huko Leith, bandari ya Edinburgh. Alianza akiwa mwanagenzi wa fundi wa kupaka rangi majumba, ndipo akaingia katika chuo cha Trustees' Academy, kilichoanzishwa mwaka 1760. Ulaya ya wakati ule ilikuwa na vyuo vya namna hiyo katika miji mikuu mingi. Cha Paris kilianzishwa mwaka 1648 chini ya ulinzi wa mfalme. Cha London kilianza mwaka 1768, na rais wake wa kwanza alikuwa Joshua Reynolds. Vilitofautiana kwa fedha na kwa majina, lakini mafunzo yao yalifanana sana, nayo yalikuwa magumu.

Mwanafunzi hakukabidhiwa rangi siku ya kwanza. Alianza kwa kunakili picha zilizochapwa: jicho peke yake, sikio peke yake, kiganja peke yake. Akishafaulu hapo alihamishiwa kwenye sanamu za plasta, nakala za kazi za Wagiriki na Warumi. Aliketi mbele ya mguu mmoja mweupe siku baada ya siku, mkaa mkononi, akitazama kivuli kinapoanza kwenye kifundo, kinavyozidi kuwa cheusi chini ya kisigino, na pale ambapo mwanga kidogo unarudi kutoka mezani na kukipunguza. Mwalimu alipita, akafuta, akasema rudia. Ndipo baadaye mwanafunzi aliruhusiwa kumchora mtu hai, na baadaye zaidi kushika brashi. Wanawake walisubiri kuliko wote: shule kuu ya sanaa ya Paris iliwafungulia mlango mwaka 1897, wakati wanaume walikuwa wamesoma katika mfumo huo kwa karne mbili na zaidi.

Picha nazo zilipangwa kwa vyeo. Juu kabisa zilikaa picha za historia, dini na ngano za kale. Zikafuata sura za watu, kisha maisha ya kila siku, kisha mandhari, na chini kabisa vitu kama matunda na vyungu mezani. Kila mwaka yalifanyika maonyesho makubwa, Paris na London, ambapo kuta zilijazwa picha kutoka karibu na sakafu hadi darini. Mahali ilipotundikwa picha yako ndipo palipoamua mlo wako. Ikikaa usawa wa macho, tajiri ataiona na kuinunua. Ikipandishwa juu karibu na dari, mwaka mzima umepotea. Kamati ya watu wachache ndiyo iliyoamua, na mchoraji alirudi nyumbani akiwa ameinuliwa au amezikwa.

Nicol aliijua njia hiyo na akaipanda. Mwaka 1846 alikwenda Dublin kufundisha, na huko akaikuta Ireland ikiwa imeingia katika njaa kuu iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine wengi mno. Alikaa miaka kadhaa, na nchi ile ikawa somo lake la maisha. Picha zake nyingi ziliwaonyesha wakulima maskini wa Ireland kwa namna iliyowafurahisha wanunuzi wa Uingereza: nyuso zilizokunjamana, kofia zilizobonyea, ulevi na ubishi wa sokoni. Picha za namna hiyo ziliuzika. Lakini yeye huyohuyo mwaka 1853 alichora familia iliyofukuzwa katika nyumba yake, imesimama nje chini ya mawingu mazito, na picha hiyo sasa iko katika Jumba la Sanaa la Taifa la Ireland. Mwaka 1859 akawa mwanachama kamili wa Chuo cha Kifalme cha Scotland, na baadaye chuo cha London nacho kikampokea kama mshiriki. Alifariki mwaka 1904, akiwa ameishi vizuri kwa brashi yake.

Namtazama Nicol kwa heshima na kwa masikitiko pamoja. Alikuwa na mkono uliofunzwa kuona kila kitu, na alikaa katikati ya msiba mkubwa kuliko yote ya kizazi chake. Mara nyingine mkono ule ulisema kweli, na mara nyingine ulitoa kile ambacho soko liliomba. Ndivyo ilivyokuwa kwa wachoraji wengi wa vyuo. Mafunzo yaliwapa uwezo wa kuchora lolote. Wanunuzi na kamati ndio waliochagua kitakachochorwa.

Mwanawe, baba yake Mary, alichukua mkono huo akauondoa sokoni. Alichora mandhari, na alisafiri na familia yake sehemu kubwa ya mwaka, hasa Ufaransa, akichora na kuuza ili kulipia safari inayofuata. Mary, aliyezaliwa London mwaka 1913, alikua akitembea kando ya mtu anayetazama. Walipokuwa kusini magharibi mwa Ufaransa, baba na binti waliingia katika mapango yenye michoro ya kale, na padri mmoja mtafiti, Amédée Lemozi, akawaonyesha ya Pech Merle. Baba alifariki mwaka 1926, binti akiwa na miaka 13. Shule za watawa alizopelekwa baadaye zilimshinda, akafukuzwa. Hakuwa na cheti chochote cha kumfungulia mlango wa chuo kikuu. Alichokuwa nacho ni kuchora. Alichora zana za mawe kwa usahihi uliowafanya wanaakiolojia wamtafute, na kwa kazi hiyo ndipo alipotambulishwa kwa Louis Leakey, mumewe wa baadaye, aliyekuwa akihitaji mchoraji wa kitabu chake. Mwaka 1935 walifika Kondoa pamoja kwa mara ya kwanza, Mary akaiona michoro. Vita vya dunia na kazi nyingine vikaingia kati. Miaka 16 baadaye alirudi kuinakili.

Sasa tufike Kolo kwenyewe. Ukitoka Dodoma mjini kwenda kaskazini, barabara inapita Chemba na Kondoa ikielekea Babati, na Kolo iko juu ya njia hiyohiyo. Mashariki ya hapo nchi inaanza kukatika na kushuka kuelekea Bonde la Ufa. Miamba mikubwa imeegemeana, na mingine imejitokeza kama paa, ikiacha kivuli chini yake. Katika eneo la kilomita za mraba 2,336 ambalo UNESCO iliandikisha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, vivuli vya namna hiyo vyenye michoro vinakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Kolo, Pahi, Kinyasi, Fenga, Thawi, Kisese: majina ambayo mtoto wa Dodoma angepaswa kuyajua kama anavyojua majina ya stesheni za reli.

Michoro ya zamani zaidi ni ile myekundu. Rangi yake ni mawe yenye chuma, yaliyosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuyashika. Twiga, pofu na tembo wamechorwa kwa mstari mwembamba, na mara nyingine mwili umejazwa michirizi. Watu ni warefu, wembamba kama fito, na vichwa vyao vina nywele au mapambo yaliyochorwa mstari mmoja mmoja. Mahali pengine, juu ya michoro hiyo myekundu, iko myeupe iliyopakwa kwa vidole, minene na ya haraka zaidi, ambayo watafiti wanaihusisha na wakulima waliokuja baadaye. Ile myekundu wengi wanaihusisha na wawindaji na wakusanyaji, na Wasandawe, ambao bado wako katika nchi hii, ndio wanaotajwa mara nyingi kuwa karibu na mila hiyo. Katika miaka ya 1960 mtafiti Eric ten Raa aliishi nao, akaandika kwamba kuchora mwambani hakukuwa kumetoka katika kumbukumbu za watu.

Kuna ukuta mmoja hapo Kolo ambao mtu anaweza kukaa nao nusu siku. Watu watano wamepangwa mstari. Wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Wa upande mmoja wana vichwa vya umbo lisilo la kawaida. Mary aliona vinyago, akaona mtu anayevutwa na makundi mawili, na kwa sababu hiyo picha ikajulikana kama picha ya utekaji. Watafiti waliokuja baadaye, wakiwa wamesoma habari za ngoma ya uponyaji ya Wasandawe iitwayo simbo, waliona jambo jingine kabisa: mtu aliyelemewa na nguvu ya ngoma, na wenzake wanamshikilia asianguke. Tazama hali hiyo. Mkono uleule, mvuto uleule wa mwili, lakini kwa msomaji mmoja ni ukatili na kwa mwingine ni huruma. Kwa bahati njema, Mary aliiweka tafsiri yake kando ya nakala, wala hakuichanganya ndani yake. Mistari aliiacha kama ilivyo, na kwa hiyo waliofuata waliweza kumpinga kwa kutumia kazi yake mwenyewe.

Namna alivyofanya kazi ndiyo inayonirudisha kwenye darasa la babu yake. Aliweka karatasi angavu za selofeni juu ya mwamba, akafuata kila mstari. Mahali ambapo michoro imepandana, twiga juu ya mtu na mtu juu ya tembo, ilimbidi aamue kipi kilitangulia, akitenganisha tabaka moja baada ya jingine. Kisha aliichora upya kwa kipimo kidogo, akitafuta rangi iliyo sawa na ya mwamba. Kazi hiyo ni ile ya mwanafunzi aliye mbele ya mguu wa plasta: kunyamaza, kutazama, kurudia. Katika vyuo vya Ulaya kunakili kulikuwa hatua ya kwanza, ya kupitwa haraka ili mtu afike kwenye kazi zenye jina lake. Huku Kondoa hatua hiyo ya chini ndiyo iliyozaa tunda kubwa kuliko yote ya ukoo wa Nicol. Kitabu chake cha michoro ya miambani ya Tanzania kilitoka mwaka 1983, na leo baadhi ya yale aliyoyanakili yanaonekana vizuri zaidi kitabuni kuliko mwambani, kwa sababu jua, maji, vumbi na mikono ya watu havikupumzika.

Isidhaniwe kwamba kila mkono uliofunzwa ulikuja Tanganyika kwa unyenyekevu huo. Wilhelm Kuhnert, aliyezaliwa mwaka 1865 na kusoma katika chuo cha sanaa cha Berlin, alikuja Afrika Mashariki ya Wajerumani kwa mara ya kwanza mwaka 1891 kuchora wanyama. Hakuna aliyechora simba kama yeye kabla yake. Alimfuata mnyama porini badala ya kumngoja bustanini, na aliona jinsi manyoya yanavyobeba rangi ya nyasi za kiangazi. Lakini safari yake ya pili iliangukia mwaka 1905. Alikuwa Mahenge wakati wapiganaji wa Maji Maji walipolishambulia boma la Wajerumani, akawa miongoni mwa waliolilinda, na baadaye akachora vita hivyo akiwa amesimama upande wa ndani wa ukuta. Kumbukumbu zake aliziita, kwa Kijerumani, "Katika Nchi ya Vielelezo Vyangu". Kwake nchi ilikuwa kielelezo cha mchoraji: kitu kilichowekwa mbele yake ili achore, achukue, aondoke. Simba wake bado wanauzwa kwa bei kubwa Ulaya. Watu wa Mahenge katika picha ile hawana sura ya mtu mmoja mmoja. Ni umati unaokimbilia risasi.

Kwa hiyo mafunzo peke yake hayatoshi kutuambia mchoraji atakuwa mtu wa namna gani. Wa tatu ninayemfikiria ni wetu wenyewe. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere chini ya Margaret Trowell, ambaye naye alikuwa amesoma katika shule ya Slade ya London. Trowell aliwataka wanafunzi wake wachore maisha wanayoyajua, wala hakuwapitisha katika ngazi yote ya plasta na kivuli. Mwaka 1952 Ntiro alikwenda Slade yenyewe, akakaa hadi 1955. Wengi wangetegemea arudi akichora kama Mwingereza. Aliporudi aliendelea kuchora watu wa Kilimanjaro wakifanya kazi pamoja: wanakata miti, wanavuna ndizi, wanabeba pombe kwenda kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya pombe ya ndizi, ya mwaka 1956, ilichukuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru, naye akawa balozi wetu wa kwanza London. Alikuwa na uwezo wa kutumia kanuni zote za umbali na kivuli alizoonyeshwa. Akachagua kutozitumia, kwa sababu watu wake walikuwa na ukubwa sawa machoni pake, walio karibu na walio mbali.

Hapo ndipo ninapoona ukoo mwingine ambao haumo katika vyeti vya kuzaliwa. Ukiweka picha ya Ntiro kando ya nakala za Kolo, unaona watu waliopangwa bila kushindania nafasi, miili inayofanya jambo moja, na ardhi isiyopunguza mtu kwa sababu amesimama nyuma. Sidai kwamba Ntiro aliiga miamba ya Kondoa. Nadai kwamba njia ya kuwaona watu namna hiyo ilikuwapo katika nchi hii kabla ya chuo chochote, na haihitaji ruhusa ya kamati ya maonyesho.

Tufikirie pia mwisho wa sifa. William-Adolphe Bouguereau alishinda tuzo ya Roma mwaka 1850, akawa mchoraji aliyeheshimiwa kuliko karibu wote Ufaransa, na matajiri wa Marekani wakagombania picha zake. Alikufa mwaka 1905. Katika muda wa kizazi kimoja jina lake likawa tusi kwa wachoraji vijana, na kazi zake nyingi zikawekwa ghalani, hadi ladha ya watu ilipogeuka tena miongo mingi baadaye. Alikuwa na vyote: medali, wanafunzi, jina kwenye magazeti. Wachoraji wa Kolo hawakuwa na kimojawapo. Wahenga wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini wachoraji wa Kolo hawapo na lao lipo. Warangi wanaoishi hapo wanaendelea kupaheshimu penye miamba ya Mungumi wa Kolo kama mahali pa kuombea mvua na uponyaji, na wazee wao wanapajua kwa namna ambayo hakuna nakala inayoweza kuishika.

Ninalosema kwa ufupi ni hili: kazi ya mchoraji inaishi pale anapotokea mtu mwingine wa kukaa mbele yake kwa muda mrefu na kuitazama kwa mkono. Cheo hakiwezi kufanya hivyo, wala bei. Mtu anayechora anachokitazama analazimika kujua mstari unaanzia wapi na unaishia wapi, na hapo ndipo anapokutana na aliyeuchora kwanza. Mary Leakey alikutana na wachoraji wa Kolo kwa njia hiyo. Sisi tulio karibu zaidi tumewaachia wageni kazi hiyo kwa muda mrefu mno.

Leo Dodoma ni makao makuu ya nchi. Uamuzi wa kuhamia ulifanywa mwaka 1973, na sasa majengo yanainuka kila upande, kuanzia Mtumba hadi Chamwino. Tangu mwaka 2007 kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, na zipo shule za msingi na sekondari zilizo karibu na miamba ile kuliko shule nyingine zozote duniani. Nawaomba walimu wa mkoa huu wawapeleke wanafunzi Kolo, wakiwa na waongozaji na kwa heshima ya wenyeji, na wakifika waweke simu mfukoni. Kila mtoto apewe karatasi na penseli, aketi mbele ya mnyama mmoja au mtu mmoja, amchore mpaka aridhike. Asiguse mwamba, wala asiumwagie maji ili rangi ing'ae, kwa maana maji hayo ndiyo yanayoiondoa. Nakala hizo zitunzwe shuleni, ziandikwe tarehe, jina la mahali na jina la mtoto, kila mwaka mpya juu ya mwaka uliopita. Baada ya miaka 20 tutakuwa na kumbukumbu ya miamba yetu iliyofanywa na mikono yetu, na miongoni mwa watoto hao watakuwapo wachoraji. Kazi hii haihitaji mfadhili wala kibali kutoka mbali. Inahitaji mwalimu mmoja aliye tayari kuanza muhula huu.